UZI: Kuwafungia wanajuri hotelini mpaka kesi iishe, hii sheria ikoje?

#1 Msukuma_Baridini

Wakuu, habari za huko. Huku theluji imegoma kuyeyuka, niko ndani tangu asubuhi, nikaona heri nianzishe uzi kuliko kuendelea kubishana kwenye grupu la WhatsApp na watu wasiosoma ujumbe hadi mwisho.

Ubishi wenyewe ni huu. Jamaa yetu mmoja kapata uraia wa Marekani mwaka juzi, juzi hapa kaletewa barua ya kuitwa kwenye juri, yaani lile kundi la raia wa kawaida wanaosikiliza kesi na kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Wenzake wakamjaza hofu: utapelekwa hotelini, utanyang'anywa simu, mkeo humwoni miezi sita. Jamaa akaanza kuulizia cheti cha daktari. Nikamwambia kaka, tulia. Mimi nimeshakaa kwenye juri na jioni nilikuwa nakula ugali nyumbani kwangu.

Ilikuwa kesi ya jinai, siku nne tu. Tulichofungwa ni mdomo. Kila tukitoka kwa mapumziko, iwe ya chai au ya kwenda kulala, jaji anarudia yale yale: msiizungumzie kesi hii na mtu yeyote, hata ninyi kwa ninyi, msisome habari zake, msitafute chochote mtandaoni, msiende kuangalia mahali palipotokea tukio. Kufikia siku ya tatu mzee aliyekaa kulia kwangu alikuwa anafuatisha, midomo inacheza bila sauti, kama mtu anayeitikia dua. Tulipoingia chumbani kujadiliana, askari wa mahakama alipita na kikapu cha plastiki, vile vya kubebea nguo za kufua, tukatumbukiza simu zetu. Akavuta kiti, akakaa nje ya mlango. Ndani kuna jagi la kahawa, choo kimoja, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Saa tano baadaye tukatoka. Kifungo changu chote ndicho hicho.

Kilichonitesa ni nyumbani. Mke anauliza, "Kesi ya nini?" Siwezi kusema. Siku nne nilinuniwa.

Sasa tuje kwenye hoja. Kufungiwa kwa wanajuri kupo, ila ni nadra, na kuna namna tatu. Ya kwanza ni ile nzito: mkishaapishwa mnahamia hotelini, na hamtoki mpaka mtoe uamuzi. Ya pili mnalala kwenu wakati ushahidi unasikilizwa, mnafungiwa pale tu mnapoanza kujadiliana. Ya tatu ni ya nusunusu, mnalala kwenu lakini mnachukuliwa na gari la walinzi asubuhi kutoka sehemu ya siri, mnaingizwa kwa mlango wa nyuma na kurudishwa hivyo hivyo jioni. Anayeamua ni jaji. Upande wowote unaweza kuomba, wa mashtaka au wa utetezi, na ombi hupelekwa wakati wanajuri hawapo ukumbini. Kuna kanuni zinazosema hata baadaye wasiambiwe nani aliomba, maana mtu aliyekaa hotelini mwezi mzima akijua nani kamfungisha, huyo ana kisa tayari.

New York ilikuwa kati ya majimbo ya mwisho kulazimisha wanajuri walale hotelini wakati wa kujadiliana. Ililegeza katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2001 ikaachana kabisa na ulazima huo. Leo huko na kwingi kwingineko Marekani ni hiari ya jaji.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane: kufungia watu kunawakinga na maneno ya mtaani, sawa, lakini kufungiwa kwenyewe nako kunasema nao. Mtu aliyechoka, aliyekumbuka watoto, aliyechukizwa na mwenzake wa chumba cha pili, naye anapiga kura. Karibuni.

#2 KondaMstaafu

Mkuu, kwa hiyo ni kama kuwekwa ndani mwali. Unafungiwa, unachungwa na somo, huonani na watu, ukitoka unachezwa ngoma. Tofauti ni kwamba mwali anatoka amenenepa.

Swali langu ni dogo tu. Humo hotelini wanakula bure?

#3 Msukuma_Baridini

@KondaMstaafu bure kabisa, mahakama inalipa. Na kunenepa wananenepa vilevile, usidhani.

Ngoja niwape ile kesi kubwa, maana bila hiyo huu uzi haujakamilika. O.J. Simpson, Los Angeles, yule nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani aliyeshtakiwa kumuua mkewe wa zamani na rafiki wa mkewe huyo. Wanajuri waliingia hotelini tarehe 11 Januari 1995. Walitoka baada ya uamuzi kusomwa tarehe 3 Oktoba. Hesabu mwenyewe, ni miezi karibu tisa, siku 265 hivi. Walianza 12 na wa akiba 12. Kumi waliondolewa njiani kwa sababu hii na ile, mpaka mwisho akiba wakabaki wawili tu. Wangeendelea miezi miwili zaidi kesi ingekufa yenyewe kwa kukosa watu.

Maisha ya ndani yalikuwa hivi: vyumbani hakuna televisheni wala simu. Magazeti yanakuja yamekatwa kwa mkasi, habari za kesi zimetolewa, unasoma michezo huku ukurasa una dirisha. Ukitaka kupiga simu unakwenda chumba cha pamoja na askari wa sherifu anasikiliza. Wenzi wanakuja mwishoni mwa wiki kwa saa chache. Posho ya mwanajuri dola 5 kwa siku. Dola tano, wakuu.

Tarehe 21 Aprili wakagoma. Jaji Lance Ito alikuwa amewahamisha askari watatu waliokuwa wakiwalinda, baada ya malalamiko kwamba wanapendelea watu kwa rangi zao. Wanajuri wakakataa kuja mahakamani mpaka waongee naye. Walipokuja, 13 kati ya 18 waliokuwa wamebaki walikuwa wamevaa nguo nyeusi, kama wanakwenda msibani. Hao ni watu wasiotuhumiwa kosa lolote. Wanagoma kwa sababu wameondolewa walinzi wao! Ukifikia hatua askari wa zamu ndiye ndugu yako, ujue umekaa ndani muda mrefu.

Halafu baada ya miezi yote hiyo wakajadiliana chini ya saa nne. Simpson akaachiwa huru.

#4 Bin Rajabu

Chini ya saa nne? Hapo hakuna cha kujadili. Walitaka kwenda kwao. Mimi ningepiga kura ya chochote ilimradi nikalale kitandani kwangu.

#5 Wakili wa Kisauni

Bin Rajabu, usihukumu haraka ndugu yangu. Saa nne zaweza kuwa za uchovu, na zaweza kuwa za watu waliomaliza kazi vichwani mwao zamani, wakawa wangoja ruhusa ya kusema tu. Kwa nje hazitofautiki. Na hapo ndipo msingi wa jambo hili ulipo, hebu nieleze.

Jaji wetu huku Mombasa akitoa hukumu anaandika kurasa arubaini. Anasema nimemwamini shahidi huyu, yule sikumwamini, kwa sababu hii. Ukikata rufaa unakamata zile sababu unazivunja moja moja. Juri haitoi sababu. Inasema ana hatia, au hana. Basi. Hujui walikipima nini, wala huwezi kuwaita uwaulize. Kwa hiyo sheria, ikishindwa kukagua kinachotoka, yakagua kinachoingia. Ndiyo maana ya magazeti kukatwa na simu kusikilizwa. Ni kama mpishi asiyekubali uingie jikoni kwake: lililobaki ni kuangalia kapu lake akitoka sokoni.

Na jambo hili si la Marekani kwa asili, ni la Kiingereza, na zamani lilikuwa adhabu hasa. Juri ya Uingereza ikishaingia kujadiliana ilifungiwa bila chakula, bila kinywaji, bila moto, bila mshumaa, mpaka wakubaliane. Njaa ndiyo iliyokuwa ikiwasuluhisha. Ikiwa jaji wa mzunguko anaondoka mjini nao hawajaafikiana, aliweza kuwabeba kwa mkokoteni wamfuate mji hadi mji.

Mwaka 1670 London, William Penn na William Mead walishtakiwa kwa kuhubiri barabarani na kukusanya watu. Juri ikakataa kuwatia hatiani kama jaji alivyotaka. Wakafungiwa siku mbili usiku na mchana, bila chakula, bila tumbaku. Wakatoka na jibu lile lile. Wakatozwa faini. Mmoja wao, Edward Bushell, akakataa kulipa, akapelekwa jela ya Newgate, na kutokana na kesi yake Jaji Mkuu Vaughan akaamua kwamba mwanajuri haadhibiwi kwa uamuzi wake. Kwa hiyo ufunguo ule ule uliokusudiwa kuwavunja ndio uliowapa heshima.

Kisha wakalegeza polepole. Sheria ya 1897 iliruhusu wanajuri kwenda kwao wakati kesi inaendelea, isipokuwa kesi za mauaji na uhaini. Tangu 1994 jaji aweza kuwaruhusu walale kwao hata wakiwa katikati ya kujadiliana.

#6 mamaTausi

Wakili shikamoo, umetufunza. Swali la mtu asiyejua sheria: sisi huku mbona hatuna hayo?

#7 Wakili wa Kisauni

Marahaba dada. Juri tulikuwa nayo Kenya, ila haikuwa yetu. Enzi za ukoloni Mzungu akishtakiwa kosa kubwa alihukumiwa na juri ya Wazungu wenzake. Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa Nairobi mwaka 1941 kwa kumuua Lord Erroll, mbele ya juri, akaachiwa. Mwafrika hakupewa hiyo. Alipewa jaji na wazee washauri, wale ambao Tanzania mwawaita wazee wa baraza. Wanasikiliza kesi, wanatoa maoni, na jaji aweza kuyapuuza. Wakimaliza siku wanapanda matatu kama watu wengine. Kenya tuliwafuta mwaka 2007. Hakuna aliyefikiria kuwafungia hotelini kwa sababu neno la mwisho halikuwa lao. Anayefungiwa ni mwenye neno la mwisho.

#8 KondaMstaafu

Hapo kwenye neno la mwisho wakili umegonga msumari. Ila jaji mwenyewe naye anasoma magazeti. Ana mke, ana kijiwe, ana simu. Kwa nini yeye hafungiwi?

#9 Msukuma_Baridini

@KondaMstaafu swali zuri, na jibu wanalotoa ni kwamba jaji kafunzwa kutenganisha alichosikia mtaani na alichosikia kizimbani. Mimi siamini sana hilo, binadamu ni binadamu. Lakini wakili kashajibu: jaji anaandika sababu. Ukimshuku unamsoma.

Turudi kwenye kwa nini walianza kulichukulia kwa uzito huku. Kuna daktari mmoja wa Ohio, Sam Sheppard, alishtakiwa mwaka 1954 kumuua mkewe. Magazeti yalimhukumu kabla ya mahakama. Majina na anwani za wanajuri yalichapishwa, wakawa wanapata barua na simu kutoka kwa watu wasiowajua. Wakati wa kesi walilala kwao na kusoma wanachotaka. Walipofungiwa kujadiliana wakaruhusiwa kupiga simu nyumbani, na hakuna aliyesikiliza wanasema nini. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta hatia ile kwa kura 8 kwa 1, ikasema jaji alikuwa na wajibu wa kudhibiti ile sarakasi, na kwamba suala la kuwatenga wanajuri angeliibua yeye mwenyewe hata kama hakuna aliyeomba. Kesi ikarudiwa mwaka huo huo, daktari akaachiwa. Alikuwa ameshakaa jela karibu miaka kumi.

Baada ya hapo majaji wakaingia woga. Kesi ya Charles Manson, kiongozi wa kundi lililofanya mauaji, 1970, juri ikafungiwa hotelini Los Angeles jumla ya siku 225. Na bado habari iliwafikia, tena ukumbini. Tarehe 3 Agosti Rais Nixon alitamka mbele ya waandishi kwamba Manson ana hatia. Kesho yake mshtakiwa mwenyewe akainua gazeti la Los Angeles Times mahakamani, kichwa cha habari kikubwa kinasema Nixon kamtaja Manson kuwa na hatia, akawaonyesha wanajuri. Mshtakiwa! Jaji Older ikabidi amhoji mwanajuri mmoja mmoja, umeona nini, kimekuingia kiasi gani. Basi la wanajuri vioo vyake vilizibwa wasisome hata vibanda vya magazeti njiani. Watu wazima wanapelekwa kazini ndani ya basi lisiloona nje, na habari yenyewe inawasubiri mahakamani mkononi mwa mtuhumiwa.

#10 Nesi wa Zamu

Nimesoma uzi wote nikiwa mapumziko ya saa nane usiku. Ninyi wanaume mnaongelea magazeti. Mimi nawaza nani anaachwa na watoto.

Niko Marekani mwaka wa kumi na nne, zamu za usiku, watoto wawili, mume dereva wa lori la masafa. Nikiambiwa miezi mitatu hotelini, kesho yake nyumba imesambaratika. Najua sheria ya shirikisho inamkataza mwajiri kunifukuza kwa kuitwa kwenye juri ya mahakama ya shirikisho. Haimlazimishi kunilipa mshahara kwa siku ambazo sipo. Kwa hiyo mtu kama mimi nitamwambia jaji siwezi, na jaji ataniruhusu kwa kuwa ni shida ya kweli. Wote wenye maisha kama yangu tutaruhusiwa. Watakaobaki ni wastaafu, watu wasio na mtoto mdogo, na walioajiriwa mahali panapolipa mshahara hata usipoonekana. Halafu mnasema mshtakiwa amehukumiwa na watu wa mtaani kwake. Mtaa gani huo usio na mama wa mtoto mchanga?

Hilo halimo kwenye kanuni yoyote lakini linaamua nani anakaa kwenye kile kiti kabla shahidi wa kwanza hajafungua mdomo.

#11 Bin Rajabu

Dada umeua. Mimi sina la kuongeza.

#12 Msukuma_Baridini

Nesi, hongera na pole na zamu. Hoja yako ni nzito kuliko yangu, nakiri.

Ila si kila hoteli ni miezi tisa. Kesi ya George Zimmerman, mlinzi wa kujitolea wa mtaa aliyempiga risasi na kumuua kijana Trayvon Martin, Sanford, Florida, mwaka 2013. Juri ya watu sita, wote wanawake, maana Florida kesi isiyo ya hukumu ya kifo inasikilizwa na sita. Siku 22 hotelini. Ofisi ya sherifu ilisema gharama ni kama dola 33,000. Walipelekwa kucheza boling, kuangalia filamu, kuangalia fataki za tarehe 4 Julai, hata kutengenezwa kucha. Watu wakalalamika kwamba kodi yao inapaka rangi kucha. Mimi sikuona ubaya. Ukimfungia mtu bila kosa, mtunze.

Halafu kuna ile ya kuazima juri. Casey Anthony, mama aliyeshtakiwa kumuua bintiye, mwaka 2011. Orlando nzima ilishamchukia, wakaenda kuchagua wanajuri kaunti ya Pinellas, pwani ya magharibi ya Florida, wakawaleta Orlando wakawaweka hotelini wiki sita hivi. Bill Cosby naye, yule mchekeshaji aliyeshtakiwa kwa unyanyasaji wa kingono, kesi ya kwanza mwaka 2017, wanajuri walitolewa upande wa Pittsburgh wakasafirishwa zaidi ya kilomita 450 hadi Norristown. Wakajadiliana saa 52 wasiafikiane, kesi ikavunjika. Saa hamsini na mbili, mbali na kwao, na hawakukubaliana! Kwa hiyo hata mimi ninayesema uchovu unapiga kura, hapo naishiwa maneno. Uchovu hupiga kura mara nyingine, mara nyingine ugumu wa mtu unaushinda.

#13 Toronto Mkavu

Huku Kanada mnatucheka bure. Sheria yetu ya jinai haina kubembelezana: wakati ushahidi unasikilizwa jaji anaweza kuwaacha mwende kwenu, lakini mkishaingia kujadiliana mnatengwa, mpaka mmalize. Kesi kubwa kesi ndogo, yote sawa. Kwa hiyo hakuna anayesema mbona yule alifungiwa na huyu hakufungiwa.

Na kuna la zaidi. Ukitoka, kueleza yaliyosemwa chumbani ni kosa la jinai. Wenzetu wa hapo chini mpakani wanatoka wanahojiwa kwenye televisheni na kuandika vitabu. Huku ukiongea unashtakiwa wewe.

#14 KondaMstaafu

Kwa hiyo Kanada mke ananuna maisha yote.

#15 Toronto Mkavu

😂 Maisha yote mkuu.

#16 Wakili wa Kisauni

Napenda utaratibu wa Kanada kwa sababu hautegemei jaji kutabiri. Tatizo la kumwachia jaji hiari ni kwamba aamua leo na habari hulipuka kesho.

Mfano ni kesi ya Derek Chauvin, Minneapolis, 2021, yule polisi aliyemuua George Floyd. Jaji Peter Cahill aliamua wanajuri walale kwao, wafungiwe watakapoanza kujadiliana. Kesi iko katikati, tarehe 11 Aprili, polisi akampiga risasi kijana Daunte Wright kwenye kitongoji cha Brooklyn Center, karibu na pale. Mji ukawaka. Kesho yake wakili wa utetezi akaomba juri ifungiwe mara moja na ihojiwe. Jaji akakataa, akawakumbusha tu wasitazame habari. Uamuzi ukatoka tarehe 20 Aprili, baada ya saa kama kumi za kujadiliana, na usiku mmoja wa hoteli.

Ndugu Msukuma, wewe uko huko huko kwenye theluji. Waliweza kutosikia?

#17 Msukuma_Baridini

Wakili, nakwambia kama mtu niliyekuwepo: usiku ule helikopta zilizunguka mpaka alfajiri, na simu ya kila mtu ikalia tahadhari ya amri ya kutotoka nje. Usingehitaji gazeti. Ungehitaji kuwa kiziwi. Jaji alijua hilo. Nadhani alipima: ukiwafungia ghafla leo, nao watajiuliza kumetokea nini kikubwa hivyo kinachotuhusu, na kuwahoji mmoja mmoja ni kuwapa habari wasiokuwa nayo. Hiyo ndiyo shida ya kufungia watu katikati ya safari, hofu yako wanaiona.

#18 Bin Rajabu

Lakini wakuu tuseme ukweli, haya yote ni ya enzi za magazeti. Leo simu iko mfukoni. Utamfungia mtu hoteli gani isiyo na mtandao?

#19 Msukuma_Baridini

Umepiga penyewe. Angalia kesi ya El Chapo, yule mlanguzi mkubwa wa dawa za kulevya wa Mexico, Brooklyn, kuanzia Novemba 2018 hadi Februari 2019. Wanajuri hawakujulikana majina, walisindikizwa kila siku na maofisa wa shirikisho wenye silaha, kuja na kurudi. Ile namna ya tatu niliyoitaja mwanzo. Ulinzi wa kumzuia mtu asiwahonge wala kuwatisha ulikamilika. Baada ya uamuzi mmoja wao akajitokeza kwa chombo cha habari, bila jina, akasema wenzake kadhaa walikuwa wakifuatilia habari za kesi mitandaoni siku zote. Utetezi ukaomba kesi irudiwe, jaji akakataa.

Kwa hiyo bunduki zilikuwa mlangoni na habari ikapita mfukoni. Na ndiyo maana majaji wengi sasa wameacha kuhangaika na hoteli. Kesi ya Trump New York mwaka 2024, wakati huo rais wa zamani, kelele dunia nzima, na wanajuri walilala kwao kila siku. Walipewa hata mapumziko ya karibu wiki nzima kati ya ushahidi na hoja za mwisho, wakaenda kukaa na ndugu zao sikukuu, na onyo la jaji mfukoni. Uingereza wao wamehamishia ukali kwa mwanajuri mwenyewe: tangu sheria ya 2015, kuichunguza kesi mtandaoni ukiwa kwenye juri ni kosa linaloweza kukupeleka jela.

Mimi ningechagua hilo la Uingereza, pamoja na kikapu cha simu. Hoteli niiweke kwa kesi za majambazi wanaoweza kumfuata mwanajuri nyumbani. Hapo ndipo ukuta una kazi kweli, maana unazuia mtu. Taarifa hauizuii.

#20 Nesi wa Zamu

Na jaji akiwaacha walale kwao, mwanajuri anayeropoka anajulikanaje?

#21 Wakili wa Kisauni

Kwa kuropoka kwake, dada. Kesi ya Alex Murdaugh, South Carolina, mwaka 2023, mauaji ya mke na mwana. Wiki sita, juri haikufungiwa. Siku ya mwisho kabisa jaji akamwondoa mwanajuri mmoja kwa kuwa alikuwa amezungumza kesi na watu wa nje wapatao watatu. Kwa upole tu, akamshukuru kwa utumishi wake. Akamuuliza kama kuna kitu chake amekiacha chumbani. Yule mama akajibu: mayai, dazani moja. Mahakama nzima ikacheka, kesi ya mauaji hiyo. Jioni ile ile waliobaki wakamtia Murdaugh hatiani.

#22 KondaMstaafu

Mayai yamefika kwenye juri 😂😂 Alikuwa anakwenda kuyapika wapi?

#23 Wakili wa Kisauni

Mwenzake alikuwa na kuku, akawa awaletea. Watu wakikaa pamoja wiki sita huwa kijiji.

#24 mamaTausi

Jamani nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananitazama. Haya Msukuma, sisi wengine tumefuatilia uzi kwa jambo moja tu na hujalimalizia. Ile siku ya nne, mkeo ulimwambia ilikuwa kesi ya nini?

#25 Msukuma_Baridini

@mamaTausi jaji alitushukuru, akasema kuanzia sasa mko huru kuongea au kunyamaza. Niliendesha gari nikiwa napanga maneno njia nzima. Nikafika nikamweleza yote pale pale mlangoni hata viatu sijavua: mashahidi, mawakili, yule mzee wa kufuatisha maneno ya jaji, tulivyobishana saa tano.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ndiyo hiyo tu?" Akarudi jikoni.